Kuchanja Kuni kwa Mkono Unaouma

Watu wakisikia mchanja kuni analalamika kifundo cha mkono, lawama zote huzitupa kwenye pigo. Shoka limeshuka, limegonga, mkono umetikisika, basi umeumia. Mimi nachanja kuni hapa Malindi kwa ajili ya biashara yangu ya mahamri na mbaazi, na mkono wangu wa kulia ni mgonjwa wa muda mrefu. Ninachoamini sasa ni kwamba pigo lina sehemu ndogo tu. Kinachoumiza zaidi ni kukamata. Tunaukamata mpini kwa nguvu kabla shoka halijapanda, tunaukaza likishuka, na hata ukuni ukishapasuka bado tumekaza. Kisha tunainama na kuokota vipande kimoja kimoja, gumba huku na vidole viwili kule. Asubuhi nzima mkono haujafunguka.

Nimeona niyaandike haya kwa urefu kwa sababu ushauri tunaopewa sisi wapikaji wa kuni ni wa namna mbili, na wote hautufai. Wa kwanza ni "pumzisha mkono." Ni ushauri mzuri kwa mtu ambaye chakula chake hakitegemei mkono huo. Mbaazi zangu zinatakiwa ziwe zimeiva kabla watoto hawajaenda shule na mafundi hawajaenda kazini. Wa pili ni "utazoea, sisi sote tumechanja." Huu ndio unaonikera hasa, maana nimewaona mama zetu waliozoea. Wamezoea mpaka hawawezi kufungua kifuniko cha chupa.

Nianze na maumivu yenyewe, kwa sababu si ya aina moja.

Yangu yako upande wa gumba, juu kidogo ya kifundo, pale mfupa unapochomoza. Hapo hupita kano mbili zinazofanya kazi ya kukitoa kidole gumba nje na kukinyoosha. Zinapita pamoja ndani ya ala moja nyembamba. Ala ile ikinenepa njia inakuwa finyu, na kila gumba likisogea kano zinasuguana na ukuta wake. Madaktari huuita ugonjwa wa de Quervain, kwa jina la daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyeueleza mwaka 1895. Ukitaka kujipima, kunja gumba ndani ya kiganja, lifunike kwa vidole vinne, kisha upinde mkono polepole kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Hata mkono usio na ugonjwa huvutika kidogo ukifanya hivyo. Mkono mgonjwa hukurusha kitini. Ukishapata jibu usiendelee kujipima kila saa, unauchokoza.

Kuna maumivu mengine ya katikati, upande wa kiganja. Kifundo kina mifupa midogo 8, na mbele yake kuna utepe mgumu unaoifunika. Kati ya mifupa na utepe huo ndipo zinapopita kano 9 za kukunjia vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kukiwa na uvimbe humo ndani, anayebanwa ni mshipa. Mtu huamka usiku vidole vimekufa ganzi: gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole cha mwisho kwa kawaida husalimika, kwa kuwa mshipa wake hupita njia nyingine. Ukiamka na ganzi ya namna hiyo, tatizo lako si langu, na baadhi ya nitakayosema hayatakutosha. Nenda ukapimwe.

Kitu kimoja kinatuunganisha sote wenye mikono hii. Jaribu sasa hivi hapo ulipokaa: pinda kifundo mbele hadi mwisho, kisha kunja ngumi kwa nguvu zako zote. Haikazi. Sasa kinyooshe, kirudi nyuma kidogo tu, ukunje tena. Umeona tofauti? Kifundo kikipindika vidole hupoteza nguvu, na ili shoka lisikuponyoke unalazimika kukamata kwa nguvu zaidi ya ile ambayo kazi inahitaji. Kila nililobadilisha katika kuchanja kwangu nimelibadilisha kwa sababu hiyo moja: kifundo kinyooke, mkono ukamate kidogo.

Na mabadiliko makubwa kuliko yote hayakuwa kwenye shoka. Yalikuwa kwenye kuni zenyewe.

Kuni za huku kwetu zina tabia zake, na mtu mwenye mkono mgonjwa lazima azijue. Mvinje ndio ninaoutegemea. Watu wengi kuanzia Kilifi mpaka Mambrui wameupanda mashambani kwa ajili ya nguzo za kujengea, na kinachobaki baada ya nguzo kuuzwa ndicho kinachotufikia sisi kwa tuktuk na mikokoteni. Ni mti mzito, moto wake mkali, na unashika hata kabla haujakauka sawasawa. Tabia yake iliyo muhimu kwangu ni kwamba mvinje mbichi hupasuka kwa hiari. Ukiuacha ukauke ukiwa gogo zima unageuka kitu kingine kabisa, shoka linaruka juu yake. Wengi hununua magogo, wakayaegemeza ukutani yakauke, kisha wakaanza kuyachanja. Mimi nachanja siku yanapoletwa, kisha ndiyo nayaanika. Yaliyopasuliwa hukauka haraka pia, kwa sababu maji ya ndani hayazuiliwi tena na gome. Kwa hiyo nachanja mti ulio laini na nawasha mti uliokauka, na mkono umelipa nusu ya bei.

Mwarobaini siutaki. Ni dawa, ni kivuli, ni mti wa baraka, lakini nyuzi zake zimesukana. Shoka linazama kiasi cha vidole viwili halafu linakwama, na hapo ndipo mtu anapoumia hasa. Kulikwamua shoka, kulitikisa juu na chini, kulipinda kushoto na kulia, huo ndio mwendo mbaya kuliko yote kwa kifundo. Afadhali mapigo kadhaa yasiyopasua kitu kuliko kulikwamua shoka mara moja. Shoka langu likikwama silivuti. Naligonga mpini kwa kiganja kwa chini, au naugeuza ukuni pamoja na shoka lake na kuusukuma kando mpaka apite mtu wa kunisaidia. Mwarobaini ukiniangukia mikononi, labda jirani amekata tawi lililoelemea bati, naupeleka kwa msumeno ukatwe vipande vifupi vinavyoingia mekoni bila kuchanjwa.

Mwembe uko katikati, unategemea fundo zake. Mkanju ni mwepesi, haukusumbui, ila unaisha mbio. Mkwaju nimewaachia wanaume wa makaa. Mkoko una moto mzuri sana na wazee wanausifu kwa haki, lakini kuukata kunahitaji kibali, na mimi siununui kwa mtu asiyeweza kunieleza ameutoa wapi. Mikoko ya Mida, lile hori la bahari la huku kwetu, ndiyo kitalu cha samaki tunaowakaanga.

Halafu ipo neema ambayo watu wa pwani tunaitupa: vifuu na makumbi. Mnazi unakupa kuni ambazo hazijui shoka. Vifuu vikishika vina moto mkali sana, na makumbi yanadumu polepole chini ya sufuria. Ninakamua tui kila siku, kwa hiyo vifuu ninavyo. Siku ambayo mkono umeamka vibaya, moto wa mahamri nauwasha kwa vifuu na kuni mbili tatu za akiba, na shoka halitoki ndani.

Hata gogo lililokauka, ukilisoma vizuri, litakuonyesha mlango wake. Tazama uso wake uliokatwa. Mti ukikauka hausinyai sawasawa pande zote. Kwa kufuata mzunguko wa pete zake husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kwenye gome kwenda kwenye kiini. Ndiyo sababu nyufa za gogo zinatoka kiini kwenda nje. Ufa huo ni kazi ambayo jua limeshaifanya kwa niaba yako. Piga juu yake. Na kama gogo ni nene usianze na kiini, anza pembeni, ulimege vibamba vya nje kwanza, kisha kiini kitabaki chembamba. Fundo liweke chini, pigo lako lianzie upande uliosafi. Kijana mwenye nguvu hahitaji kuyajua haya, atapasua tu. Sisi wengine tunahitaji kutazama kabla ya kupiga.

Sasa shoka. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na kwa hili mimi siwafuati. Mwenye mkono mgonjwa achague, tena achague kwa makini. Mashoka mengi yanayouzwa huku na mafundi wa jua kali yana mpini wa bomba la chuma lililochomelewa. Ni imara, halivunjiki, na bei yake nafuu. Lakini chuma kikigonga mti mgumu mtetemo wote unapanda hadi kwenye kifundo. Tena bomba lenyewe ni jembamba, na kitu chembamba hukikamati vizuri bila kukaza ngumi. Mpini wa mbao unameza sehemu ya ule mtikisiko. Wangu ni wa mpera, amenichongea fundi wa karibu, na nilimwomba aufanye mnene kiasi kwamba gumba likizunguka linakaribia ncha ya kidole cha kati bila kukilalia. Juu yake nimezungushia utepe wa tyubu ya baiskeli. Mpira huo unasaidia hasa wakati wa kaskazi, joto linapokuwa kali na viganja vinatoka jasho, kwa sababu mkono wenye jasho hukaza wenyewe bila hata wewe kujua. Kando naweka kipande cha leso kuukuu cha kujifutia.

Ukali wa shoka nao si jambo dogo. Shoka butu linaruka, na linaporuka ni kifundo kinachoupokea ule mruko. Kuhusu uzito, watu hudhani shoka zito ndilo linalopasua. Uzito unasaidia, lakini mwendo unasaidia zaidi: ukiongeza mwendo wa shoka maradufu, nguvu ya pigo huwa mara nne. Shoka la wastani linaloshuka kwa kasi linanitosha, na siumii kulinyanyua.

Kulinyanyua ndiko kwenye mtego. Ukilishika shoka mwisho wa mpini kwa mikono yote miwili na kulipandisha, kichwa chake kinavuta chini na vifundo ndivyo vinavyokizuia kisianguke. Mimi mkono wangu wa juu huuweka karibu kabisa na chuma, shoka likapanda likiwa jepesi, kisha likianza kushuka mkono huo unateleza kuufuata wa chini. Karibu na kugonga nalegeza. Siachi kabisa, nalegeza, hasa gumba na cha shahada. Vidole viwili vya mwisho vinatosha kuuongoza mpini. Magoti nayapinda pamoja na pigo ili shoka lishuke likiwa limelala sawa na mikono iwe imenyooka. Kigogo changu cha kuchanjia kinafika magotini. Cha juu zaidi kingenilazimisha kupinda vifundo kabla ya kugonga, na cha chini zaidi shoka lingeweza kunifika miguuni.

Juu ya kigogo hicho kuna tairi kuukuu la gari. Hili kila anayepita huniuliza. Kuni nazisimamisha ndani ya tairi, zikabanana, nikapiga moja baada ya nyingine bila kuzishika wala kuziokota. Zikipasuka zinabaki zimesimama mle mle. Nimesema mwanzo kwamba kuokota kunaumiza. Kile kitendo cha kubana kitu kizito kati ya gumba na vidole, ukakiinua huku kifundo kimepinda, ndicho hasa kinachozisugua zile kano mbili. Kwa hiyo nikimaliza nazizoa kuni kwa mikono miwili, viganja vikitazama juu, nikazilaza juu ya vigasha mpaka kifuani. Gumba halina kazi hapo.

Kuni nyembamba za kuwashia sizipigi kwa shoka kabisa. Nachukua panga, nalilaza juu ya ukuni uliosimama, kisha naligonga mgongoni kwa gongo la mti. Panga linazama lenyewe. Mkono wa panga unaongoza tu, na gongo nalishikia mkono wangu wa kushoto ulio mzima. Mwanzoni unaona kama kazi ya mtoto, lakini inakwenda haraka na unajua panga litaangukia wapi. Na kwa gogo sugu nina kabari ya chuma. Naichomeka kwenye ufa, naigonga kwa nyundo, napumzika, naigonga tena. Kabari haina haraka na haihitaji kukwamuliwa kwa hasira.

Wapo watakaoniambia ninunue gesi. Ninayo, ya chai na ya kupashia. Mbaazi kavu zikichemshwa kwa gesi kila siku hesabu yangu haifiki jioni. Nilichoweza ni kuzipunguza kuni zenyewe. Mbaazi nazirowesha usiku kucha, nabadilisha maji, na sufuria siiachi wazi. Zikishachemka moto naupunguza, kwani zikichemka kwa fujo au kwa utulivu joto la maji ni lile lile na zinaiva kwa mwendo ule ule. Kilichobaki kikiungua ni kuni tu. Tui jepesi linaingia zikishalainika, zito mwishoni. Kila ukuni ambao haukuunguzwa ni ukuni ambao haukuchanjwa, na nawaambia wenzangu hilo kabla hata ya kuwaambia habari za mpini.

Jingine ni kutoungoja mkono uombe. Sichanji za wiki nzima kwa siku moja. Nachanja fungu dogo, naweka shoka chini, nakifungua kiganja nakinyoosha, naenda kukanda unga au kukuna nazi... hapana, kukuna nazi hapana, ile nayo inakipinda kifundo, kazi hiyo nimempa binti yangu. Wakati wa kaskazi, kuni zinapokauka upesi, nalimbikiza chini ya banda la makuti, juu ya mbao zilizoinuka kutoka ardhini, ili masika yakianza nisijikute nikipigana na kuni zilizolowa.

Shangazi yangu anaamini kuchua. "Mwanangu, mkono huo umeshika baridi, leta mafuta ya karafuu," ananiambia kila akinitembelea, na namruhusu, kwa sababu joto la mafuta linanituliza na kwa sababu ni shangazi. Namwomba tu asikandamize pale penye uvimbe, akapande juu kwenye kigasha, kwenye nyama. Akipabonyeza penyewe, usiku silali. Baada ya kazi naweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hivi. Usiku navaa kishikizo kinachokinyoosha kifundo pamoja na gumba, maana usingizini watu wengi tunalala tumekunja mikono bila kujua.

Vidonge vya maumivu sivimezi ili nipate kuchanja. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu nimeliona sokoni na majumbani: mtu anameza viwili, maumivu yanafichika, anachanja mpaka adhuhuri, jioni mkono umevimba. Na vidonge hivyo vikizoewa bila ushauri vinadhuru tumbo na figo.

Hospitalini wana njia zao, na nawasihi watu wasiziogope. Kwa ugonjwa huu wa upande wa gumba kuna kishikizo, kuna mazoezi ya mtaalamu wa viungo, kuna sindano ya kupunguza uvimbe inayochomwa ndani ya ile ala na kuwasaidia wengi, na kwa wachache upasuaji mdogo wa kuifungua ala. Nenda mapema kama umeanguka ukajikinga kwa kiganja na sasa panauma kwenye kile kishimo kilicho chini ya gumba. Hapo kuna mfupa mdogo ambao ukivunjika picha ya mwanzo huweza isiuonyeshe, na damu yake ni chache, hivyo unachelewa kuunga. Waombe wakuangalie tena. Nenda pia kama ganzi haiondoki, kama nyama iliyo chini ya gumba inaanza kusinyaa, au kama kifundo kimekuwa chekundu na cha moto na mwili una homa.

Wanawake waliojifungua karibuni nao nawafikiria sana, kwa sababu ugonjwa huu unawapata zaidi. Kumnyanyua mtoto kwa kumshika makwapani, gumba zimetanuka, mara nyingi kwa siku, ni kazi ile ile ya kuokota kuni. Halafu mama huyo huyo akitoka ndani anakutana na shoka. Jirani yangu ana mtoto mchanga na mkono umeanza kumuuma pale pale unaponiuma mimi. Nimemwonyesha kumwinua mwanawe kwa viganja, mmoja chini ya makalio na mwingine mgongoni, vifundo vimenyooka. Kuni zake za mvinje naziingiza kwenye tairi pamoja na zangu. Zile za mwarobaini, mumewe akirudi kutoka baharini atazipeleka kwenye msumeno.